Baraza la Michezo na Deni Lake kwa Wilaya

Kila wanamichezo wetu wanaporejea mikono mitupu kutoka mashindano makubwa, mjadala huwa ule ule: nani aliteua timu, nani alisafiri kwa posho ya umma bila kazi ya maana, kiongozi gani wa chama ajiuzulu. Baraza la Michezo la Taifa (BMT) huitwa kujieleza, Wizara huunda kamati, na baada ya wiki chache tunahamia kwenye usajili wa wachezaji wa Simba na Yanga. Mjadala huo una haki yake, lakini unaanzia mwisho wa safari. Leo napendekeza tuanzie mahali ambapo kamera hazifiki, yaani wilayani.

Nimechagua Kongwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni wilaya ya kawaida ya kanda ya kati, ya wakulima na wafugaji, yenye mvua chache zisizotabirika. Maswali yanayoihusu yanazihusu wilaya nyingine nyingi. Pili, historia yake inasaidia kueleza kwa nini dola yetu iliamua mapema kuishika michezo kwa mkono wake yenyewe.

Hoja yangu ni hii. Sheria iliyounda BMT ililikabidhi kazi mbili: kuendeleza michezo na kuidhibiti. Kwa zaidi ya nusu karne kazi ya pili imekua, na ya kwanza imenyauka. Sababu kubwa si uzembe wa mtendaji huyu au yule. Sababu ni kwamba mnyororo uliokusudiwa kuliunganisha Baraza na wilaya ulikatika, na hatujawahi kuuunga upya.

Dola ilivyoingia michezoni

Wanaoifahamu Kongwa katika vitabu vya historia huikumbuka kwa Mradi wa Karanga. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilimwaga mamilioni ya pauni katika nyanda hizi ikitarajia mafuta ya kula; kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, ukiacha udongo uliogoma, mitambo mibovu na majengo matupu. Wasichokumbuka wengi ni kwamba palikuwa pia na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, iliyofunguliwa mwaka 1948 na kuendelea kwa takriban miaka kumi. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa zama zile. Shule zilitengwa kwa rangi, vilabu vilitengwa kwa rangi, na viwanja vizuri vilikuwa vya wachache. Mwafrika alicheza, tena kwa bidii, lakini alicheza pembeni.

Uhuru ulipopatikana, michezo haikuachwa iwe jambo la starehe binafsi. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Bunge lilipitisha Sheria Na. 12 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1971. Zanzibar ilibaki na chombo chake, kwani michezo si jambo la Muungano.

Tusiisome sheria ile kama karatasi ya urasimu tu. Ilikuwa na maono. Baraza lilitakiwa kuendeleza, kukuza na kusimamia michezo ya ridhaa kwa nchi nzima, kwa kushirikiana na vyama vya hiari. Lilitakiwa kuhimiza mafunzo, kusaidia vyama, kuchochea upatikanaji wa viwanja na vifaa, na kuamsha ari ya michezo kwa wananchi wote. Lilipewa pia kauli juu ya timu zinazokwenda nje na zinazokuja nchini. Na ili kazi hiyo isiishie Dar es Salaam, utaratibu ulitambua kamati za michezo za mikoa na za wilaya. Kwa maneno mengine, Kongwa ilikuwa ndani ya fikra za mtunga sheria hata kabla haijawa wilaya kamili. Wakati huo ilikuwa sehemu ya Mpwapwa.

Gharama tuliyokubali kuilipa

Kwa nini serikali ilitaka kauli juu ya ziara za kimataifa? Jibu lake linapatikana Kongwa kwenyewe. Mwaka 1964, katika mabaki ya Mradi wa Karanga, ilifunguliwa kambi ya wapigania uhuru chini ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA wote walipata makazi na mafunzo hapa. Samora Machel alipita Kongwa. Chris Hani alipita Kongwa. Wanakijiji wa nyanda hizi, ambao chakula chao wenyewe hakikuwa cha uhakika, waliishi jirani na vita vya nchi za mbali.

Michezo ilikuwa uwanja mwingine wa vita hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1966, huko Bamako, nchi za Afrika ziliunda Baraza Kuu la Michezo la Afrika, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuitenga Afrika Kusini ya makaburu. Baraza letu lilizaliwa miezi michache baadaye. Mwaka 1976, timu ya raga ya New Zealand ilipozuru Afrika Kusini na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand katika michezo ya Montreal, zaidi ya nchi ishirini, nyingi zikiwa za Afrika, zilisusa. Tanzania ilikuwa miongoni mwao.

Uamuzi huo ulikuwa na jina la mtu. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, na mwaka uliofuata akaweka ile ya maili moja huko Kingston. Dunia nzima ilikuwa ikisubiri apambane na John Walker wa New Zealand mjini Montreal. Pambano hilo halikufanyika. Bayi alikwenda Moscow mwaka 1980 na kupata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Walikwenda kwa sababu serikali hiyo hiyo ilikataa shinikizo la Marekani la kususa, hata Rais Carter alipomtuma Muhammad Ali kuja Dar es Salaam kutushawishi. Hadi leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki tulizowahi kupata.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba uamuzi wa 1976 ulikuwa sahihi. Huwezi kumhifadhi mpigania uhuru Kongwa na wakati huo huo kucheza na rafiki wa adui yake Montreal. Lakini uamuzi sahihi nao una gharama, na gharama ile haikulipwa na maofisa. Ililipwa na mwanamichezo. Dola inapodai haki ya kumwambia kijana asiende, inajifunga pia kumwandalia kijana mwingine njia ya kwenda. Kudhibiti bila kuendeleza ni kuchukua mkopo bila nia ya kurejesha.

Mnyororo ulivyokatika

Ulikatika wapi? Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa sera ya Madaraka Mikoani. Halmashauri zilipofufuliwa kwa sheria za mwaka 1982, zilirejea katika mpangilio tofauti na ule ambao Baraza lilizaliwa ndani yake. Leo afisa anayeshughulikia michezo katika halmashauri ya wilaya ni mtumishi wa halmashauri. Anawajibika kwa Mkurugenzi Mtendaji, na juu yake yuko TAMISEMI. Baraza liko chini ya wizara nyingine, ambayo nayo imebadilishwa jina na majukumu mara nyingi kiasi kwamba hata mwanafunzi wa utawala wa umma hupata shida kukumbuka. Michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, inagusa mamlaka za elimu na TAMISEMI. Vyama vya michezo vinawajibika kwa mashirikisho yao ya kimataifa.

Matokeo yake yanaeleweka bila utafiti mkubwa. Baraza linaweza kuandika mwongozo mzuri, lakini halina mtu wilayani ambaye ajira yake, bajeti yake au tathmini yake ya mwaka inategemea mwongozo huo. Na afisa wa wilaya, hata awe na moyo wa chuma, anashindania fungu moja na madawati, zahanati na visima. Mkurugenzi anayepanga vipaumbele hataulizwa na mkaguzi kwa nini hakuna ligi ya wasichana ya mpira wa pete. Ataulizwa kuhusu madarasa. Basi anajenga madarasa.

Pigo la pili lilitoka shuleni. Mashindano ya shule ndiyo yalikuwa kitalu. Yaliwahi kusimamishwa kwa muda, kisha yakarejeshwa. Lakini kitalu kikikosa maji msimu mmoja, hasara yake huonekana miaka kumi baadaye. Na hata sasa, katika shule nyingi, kipindi cha michezo kwenye ratiba ndicho cha kwanza kutolewa sadaka mtihani unapokaribia.

Pigo la tatu ni la viwanja. Katika zama za chama kimoja wananchi walichangia nguvu na fedha kujenga viwanja vya mikoa. Mwaka 1992 nchi iliporejea katika vyama vingi, viwanja vingi vilibaki mali ya chama tawala, kikiwemo Kirumba cha Mwanza na Sokoine cha Mbeya. Sitarudia hapa mabishano ya kisheria ya nani ana hati. Nasema tu kwamba chombo kilichopewa jukumu la kuchochea upatikanaji wa viwanja hakina kauli ya mwisho juu ya viwanja vikubwa vya nchi yake. Huko vijijini hali ni tulivu zaidi, lakini si salama zaidi: uwanja usio na hati wala kumbukumbu huwa shamba, kisha gulio, kisha viwanja vya nyumba.

Mafanikio yasitupofushe

Nitaambiwa kwamba nalia msibani wakati nyumbani kuna harusi. Si kweli kwamba michezo yetu imekufa. Baada ya kushiriki fainali za Afrika za 1980 na kusubiri karibu miaka arobaini, Taifa Stars imerejea mara kadhaa tangu 2019. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba mwaka 2025. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Mwaka 2021 haki za matangazo ya ligi ziliuzwa kwa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Mwaka 2027 tutaandaa fainali za Afrika pamoja na Kenya na Uganda. Na Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, jirani zetu wa kanda hii hii ya kati, alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni ya dunia kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde.

Naomba tuyatazame mafanikio hayo kwa makini. Ya klabu yamejengwa na wafanyabiashara, televisheni na mashabiki. Bayi alikuwa askari; Simbu ni askari. Jeshi limefanya kazi ambayo kwa mujibu wa maono ya 1967 ilipaswa kuanzia kwenye kamati za wilaya: kumpa kijana mwenye kipaji chakula, muda na nidhamu ya mazoezi. Tunalishukuru Jeshi. Lakini nchi ya watu zaidi ya milioni sitini haiwezi kuwa na mlango mmoja.

Na serikali yenyewe imezoea kusubiri kwenye mstari wa kumalizia. Mwaka 2023 ulianza utaratibu wa kuzipa klabu shilingi milioni 5 za Rais kwa kila goli katika mashindano ya Afrika, baadaye kiasi kikaongezwa. Wachezaji walifurahi, nasi tulifurahi. Lakini goli hupewa tuzo baada ya mchezaji kuwa tayari. Hakuna anayemtuza mwalimu wa shule ya msingi aliyemwona mtoto huyo akiwa na miaka tisa na kumkataza asiache mazoezi.

Mkali kwa wanyonge

Upande wa udhibiti nao una kasoro yake. Siupuuzi. Klabu kubwa za wanachama zilipotaka wawekezaji, msimamo wa serikali kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 uliwalinda watu ambao wazazi na babu zao walizijenga klabu hizo tangu miaka ya 1930. Huo ulikuwa udhibiti wenye manufaa.

Tatizo ni kwamba udhibiti wa namna yetu huwa mkali kwa chama maskini na mpole kwa chama tajiri. Mpira wa miguu una ngao ya FIFA. Kenya ilijifunza hilo: waziri alipolivunja shirikisho la soka Novemba 2021, FIFA iliifungia nchi Februari 2022, na adhabu ikaondolewa Novemba mwaka huo. Chama kidogo cha mchezo usio na fedha hakina ngao hiyo. Hicho ndicho kinachoweza kuagizwa, kuonywa na kusimamishwa kwa barua moja, ilhali ndicho kinachohitaji msaada zaidi kuliko barua.

Majirani zetu wamekwishaanza kutengeneza. Sheria ya Michezo ya Kenya ya mwaka 2013 ilitenganisha majukumu: taasisi moja ya kuendeleza michezo, Msajili wake, na Baraza la Usuluhishi wa Migogoro ya Michezo linalosikiliza mashauri. Utekelezaji wake una matatizo, lakini angalau mwanamichezo wa Kenya anajua pa kumshtaki kiongozi wa chama chake. Uganda, iliyokuwa na sheria ya 1964, imetunga nyingine mwaka 2023. Sisi bado tunasimama juu ya sheria ya 1967, iliyoandikwa kwa ajili ya michezo ya ridhaa, katika zama za mikataba ya mabilioni.

Tufanye nini

Sina imani na mapendekezo marefu yasiyo na mtekelezaji. Nina manne.

Kwanza, sheria mpya itenganishe kazi tatu: kuendeleza, kusajili na kuamua migogoro. Chombo kimoja hakiwezi kuwa mlezi, polisi na hakimu wa mtoto yule yule.

Pili, mwaka 2021 serikali iliamua kwamba sehemu ya mapato ya michezo ya kubahatisha iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Ni uamuzi mwema, ingawa una uchungu wake, maana fedha hizo zinatoka mifukoni mwa vijana wale wale wanaokosa uwanja. Basi sehemu maalumu ya Mfuko huo iteremke hadi wilayani kwa kanuni inayojulikana, na kiasi kilichopokelewa kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri. Asiseme mtu kwamba jambo hilo haliwezekani. Tumekwishazifunga halmashauri kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Penye nia ya kuandika sheria, fungu hupatikana.

Tatu, afisa michezo wa wilaya awe na mabwana wawili wanaozungumza: mkurugenzi kwa ajira yake, na Baraza kwa viwango vya kazi yake. Taarifa yake ya mwaka ifike kote kuwili.

Nne, na hili halihitaji Bunge: vijiji vilinde viwanja vyake sasa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji uwezo wa kuidhinisha ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiingiza kwenye daftari. Uwanja wa mpira ulioandikwa humo ni vigumu kumegwa usiku. Ule unaotegemea kumbukumbu za wazee hufa pamoja nao.

Najua pingamizi litakalokuja: wilaya yenye upungufu wa maji na chakula haiwezi kujadili mipira. Ni hoja nzito, na aliyeishi nyanda hizi haidharau. Lakini mwaka 1964 hali haikuwa nafuu, na bado hatukusema kwamba ukombozi wa Msumbiji usubiri mvua za Kongwa. Umaskini haukutuzuia kuwa na msimamo. Leo usifanywe kisingizio cha kutokuwa na uwanja, kipindi cha mazoezi na mwalimu mmoja aliyefundishwa.

Kwa wanafunzi wangu, wanaharakati, na watumishi wa umma mnaosoma hapa, naacha kazi ya nyumbani. Nendeni kwenye halmashauri zenu, Kongwa au kwingineko, mkaulize maswali matano. Kamati ya michezo ya wilaya ina wajumbe gani? Ilikutana lini mara ya mwisho? Bajeti ya michezo mwaka huu ni shilingi ngapi, na zimetolewa ngapi? Viwanja vingapi vya vijiji vimeandikwa kwenye daftari la ardhi? Wasichana wangapi walishiriki mashindano ya wilaya? Majibu yaandikwe, yapelekwe kwenye baraza la madiwani, na nakala ipelekwe BMT. Mwakani yaulizwe tena, kwa karatasi ile ile, mkilinganisha tarakimu.